Simu moja ya uongo, shule nzima mbioni

Grupu ya WhatsApp ya familia yetu hulala mapema. Ikishafika saa tatu usiku, ukiona ujumbe ujue ni mchango wa matanga, au mjomba ametumiwa video ya mhubiri. Jumatatu moja mwezi Agosti 2025, ujumbe ulioingia saa hizo ulitoka kwa binamu yangu anayesoma chuo kikuu huko Marekani. Ulikuwa neno moja tu: "Niombeeni."

Weh! Mamake, ambaye mimi humwita Anti, alipiga simu mara kumi na moja mfululizo. Haikushikwa. Mjomba wa Nakuru akaandika kwamba amesikia kuna mtu anafyatulia wanafunzi risasi. Amesikia wapi? Hakusema. Dakika kumi baadaye ujumbe wake ulikuwa umefowadiwa kwa grupu ya kanisa, ya chama, na ya wazazi wa shule ambayo binamu yangu alimalizia kidato cha nne. Uliporudi kwetu kupitia kwa jirani, tayari ulikuwa na idadi ya waliokufa.

Hakuna aliyekufa. Hakukuwa hata na bunduki. Kulikuwa na mtu mahali fulani na simu yake, basi. Binamu yangu alikuwa amejifungia kwenye choo cha maktaba na wasichana wengine sita, simu zao zimezimwa sauti, wakisikiza buti za polisi zikipita kwenye korido. Walikaa humo karibu saa moja na nusu. Baadaye aliniambia kwamba kilichomtisha zaidi si risasi ambazo hazikuwepo. Ni simu yake kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, jina la mamake kwenye skrini, na yeye anaogopa kushika kwa sababu muuaji atasikia sauti.

Nataka tuongee kuhusu hiyo simu ya uongo, kwa sababu huenda unaona haikuhusu.

Wamarekani wanauita mchezo huu swatting. Jina limetoka kwa SWAT, vile vikosi vya polisi wao vinavyovaa mavazi ya kivita na kubeba bunduki ndefu. Mtu anawapigia polisi akidai kuna mauaji yanaendelea mahali fulani. Anataja nyumba, shule au kanisa ambalo hajawahi kukanyaga. Polisi wanakimbia huko wakiwa tayari kwa vita. Aliyepiga anakaa kitandani kwake, anafuatilia mtandaoni jinsi watu wanavyohangaika.

Wiki hiyo ya Agosti ilikuwa mbaya. Ilianza Alhamisi tarehe 21, wakati wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tennessee kule Chattanooga walipoambiwa wajifiche kwa sababu kuna mtu mwenye bunduki. Saa chache baadaye ikawa zamu ya Villanova, karibu na Philadelphia. Hapo wanafunzi wapya walikuwa kwenye misa ya kukaribishwa. Viti vikapinduliwa, watu wakatimua mbio wasijue wanakimbilia wapi, kwa sababu wengi wao hata njia ya kwenda bwenini hawakuwa wameizoea. Jumapili Villanova wakapigiwa tena. Siku hiyo hiyo Chuo Kikuu cha South Carolina nacho kikapigiwa, na huku mpigaji anaongea, nyuma yake kulisikika milio kama ya risasi. Kuna mtu alionekana akitembea na kitu kirefu mkononi, picha ikaenea haraka kwamba huyo ndiye muuaji. Kitu chenyewe kilikuwa mwavuli. Jumatatu zikafuata Arkansas, Northern Arizona, Iowa State, Kansas State, Colorado kule Boulder na New Hampshire, na si hivyo tu.

Hebu mfikirie huyo msee wa mwavuli. Umetoka zako darasani, unaogopa mvua. Mahali ulipo kuna maafisa wenye bunduki wanaotafuta mtu mwenye kitu kirefu. Hujui lolote. Ukiamua kukimbia kidogo kwa sababu matone yameanza, itakuwaje?

Usidhani nakutia chumvi. Desemba 2017, vijana wawili walikosana mtandaoni kwenye mechi ya Call of Duty. Pesa waliyokuwa wamewekeana dau ilikuwa dola moja na nusu, chini ya Sh200. Mmoja akamwendea kijana wa Los Angeles aliyejulikana kwa simu za aina hii, akamwomba amtumie mwenzake polisi. Anwani waliyopewa ilikuwa ya zamani. Katika nyumba hiyo mjini Wichita, Kansas, alikuwa akiishi baba wa watoto wawili, umri wa miaka 28, ambaye hata hakuwa mchezaji wa gemu hiyo. Alisikia vurugu nje, akafungua mlango. Polisi akampiga risasi akafa. Aliyepiga simu alifungwa miaka 20 mwaka 2019.

Kama unadhani wanaofanya haya ni genge la magaidi waliobobea, pole. Kati ya Agosti 2022 na Januari 2024, zaidi ya simu 375 za uongo na vitisho zilipigwa na kijana mmoja wa Lancaster, California. Shule za upili, vyuo, nyumba za ibada, maafisa wa serikali, wote aliwapitia. Nyingi ya simu hizo alizipiga akiwa na miaka 16. Alikuwa hadi na bei: kwenye tangazo lake la Telegram, kitisho cha bomu au cha mauaji ya watu wengi kiliuzwa dola 75, yaani karibu Sh10,000. Kwa pesa ya viatu vizuri vya Nairobi, mwanafunzi ambaye hajasoma mtihani angeweza kununua siku ya mapumziko. Februari 2025 mahakama ilimfunga miaka minne. Alikuwa amefikisha 18.

Narudia umri huo kwa makusudi. Wewe unayesoma hii ukiwa kwa matatu unaweza kuwa na miaka 16, au una mdogo wako wa miaka 16 ambaye sai yuko chumbani na simu. Hatuongei kuhusu watu wa sayari nyingine.

Kuna kitu kingine nilikigundua nikifuatilia mambo haya, na ndicho kilichonifanya niandike. Uongo wa aina hii hauhitaji kuwa mzuri. Unahitaji kuja siku inayofaa. Machi 27, 2023, mtu aliingia katika shule moja ya msingi ya kanisa mjini Nashville akaua watoto watatu na watu wazima watatu. Huo ulikuwa ukweli mchungu. Kesho yake na kesho kutwa, shule nyingi za Massachusetts, Pennsylvania na Utah zilipigiwa simu za uongo kwamba kuna mtu anaua wanafunzi. Kila mzazi alikuwa bado ana picha za Nashville machoni. Aliyepiga hakuwa na kazi ya kuwashawishi. Hofu ilikuwa tayari imeshafanya kazi hiyo.

Na hilo jambo sisi Wakenya tunalijua kuliko tunavyopenda kukubali.

Aprili 2, 2015, Al-Shabaab waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Siku kumi baadaye, Jumapili kabla ya kupambazuka, waya wa stima ulilipuka katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi waliamka na mlipuko, giza, na mawazo ya Garissa. Wakaruka kutoka madirishani, wengine kutoka orofa za juu. Mmoja alifariki na zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Hakuna mtu aliyekuwa amedanganya. Ilikuwa stima.

Mwaka huo huo, Novemba 30, Chuo Kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi la usalama, la kuiga uvamizi. Wanafunzi na wafanyakazi wengi hawakujua ni zoezi. Waliposikia milio, wakaruka. Mfanyakazi mmoja, mwanamke, alifariki kutokana na majeraha. Nia ilikuwa njema kabisa. Walitaka watu wajue jinsi ya kujiokoa.

Weka visa hivyo viwili kando ya kile cha Wichita uone tofauti. Kule, hatari kubwa ya simu ya uongo ni bunduki ya polisi anayekuja. Kwetu, tunavyotaniana, ukipiga simu kituoni unaweza kuulizwa kama una mafuta ya gari. Hatari yetu ni sisi wenyewe tukiwa elfu moja kwenye ngazi moja. Februari 3, 2020, wanafunzi 14 wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikufa kwa kukanyagana wakishuka ngazi jioni wakienda nyumbani. Sasa ongeza kwenye ngazi kama hiyo mtu anayepiga mayowe kwamba kuna bomu.

Mimi nilisoma shule ya bweni, ya wavulana, siitaji. Nikiwa kidato cha pili kulikuwa na mchezo wa kijinga. Mmoja wa wakubwa angeingia bwenini saa nane usiku na kupaza sauti: "Moto! Moto!" Sisi tungeruka kutoka vitanda vya juu, tukimbie nje na boksa, na wao wangecheka hadi wakalie sakafu. Mara ya kwanza kijana aliyelala kitanda kilichopakana na changu alivunjika mguu. Alirudi baada ya wiki tatu na plasta. Mara ya pili tulitoka polepole. Mara ya tatu nilijigeuza nikafunika kichwa.

Mara ya nne kulikuwa na moshi. Soketi ya karibu na mlango, ambayo watu walikuwa wakichajia simu za kuficha, ilikuwa imeshika moto. Aliyepaza sauti alikuwa mvulana wa kidato cha kwanza, mpole, wa kwaya. Nakumbuka vizuri nikisikia sauti yake na nikiwaza: ona sasa hata mafomu wamejifunza. Sikuamka. Aliyetuamsha ni soja wa geti, mzee mmoja aliyekuja na rungu akigonga vyuma vya vitanda kimoja baada ya kingine, anatutukana matusi ya kwao. Moto ulizimwa kwa ndoo za mchanga. Godoro moja tu lilichomeka. Lakini kama mzee yule angekuwa amelala kama walinzi wengine, sijui.

Ndiyo maana mtu akiniambia simu ya uongo ni "prank tu," mimi hukosa uvumilivu. Kila simu ya uongo inakula kitu ambacho shule haiwezi kununua dukani: ile hali ya mtu kuamka anaposikia kelele. Ikiliwa mara tatu, mara ya nne hakuna kilichobaki.

Sasa shule ifanye nini?

Nianze na wanaopokea simu, kwa sababu mambo mengi huamuliwa hapo. Polisi wa Marekani wamejifunza kutazama dalili fulani. Ya kwanza ni idadi. Mtu akianza kufyatua risasi shuleni kweli, simu haziji moja. Zinamiminika kutoka kwa walimu, wanafunzi, majirani, mama wa kibanda cha ng'ambo. Ikiwa ni simu moja peke yake na shule ina watu elfu mbili, kuna jambo la kuulizwa. Dalili nyingine ni kwamba wapigaji wengi wako mbali, hata nchi nyingine, kwa hivyo badala ya namba ya dharura wanapiga namba ya kawaida ya kituo. Wengine hawawezi kutamka jina la shule vizuri. Ukimwuliza uko jengo gani, mlango upi, anababaika.

Hilo halimaanishi polisi wapuuze. Wanaenda. Lakini huku wakienda, kuna mtu anayepiga simu shuleni moja kwa moja kuuliza: kwenu kuko aje? Na shuleni kuna mtu anayejulikana ambaye kazi yake ni kushika simu hiyo hata akiwa chooni. Kama polisi walio njiani wanajua kwamba shule ipo tulivu na watoto wako darasani wakiimba jedwali, wanaingia tofauti. Kidole hakikai kwenye kiwambo cha bunduki.

Uliza shule yako, au ya mdogo wako: kituo cha polisi cha hapo karibu kina namba ya nani? Ya mwalimu mkuu aliyehamishwa mwaka juzi? Na shule ina namba ya OCS, au ina namba ya mezani ambayo haijawahi kuita tangu enzi ya Moi? Zoezi hili halina gharama. Ni mwalimu mmoja kutembea hadi kituoni na kalamu.

Pili ni kuhesabiana. Nakumbuka siku za mkasa wa Hillside Endarasha kule Nyeri, Septemba 2024, wavulana 21 walipoangamia kwenye moto. Huo haukuwa uongo hata kidogo. Lakini angalia kilichotokea asubuhi yake: naibu wa rais wa wakati huo, Rigathi Gachagua, alitangaza kwamba watoto 70 hawajulikani waliko. Baadaye wengi wao walipatikana, kwa sababu wazazi na majirani walikuwa wamewachukua usiku ule wakaenda nao. Hakuna aliyekuwa ameandika nani kaondoka na nani. Waza mzazi aliyesimama getini siku hiyo na idadi hiyo masikioni. Ikiwa janga la kweli linaweza kutuacha bila hesabu namna hiyo, simu ya uongo itatufanyaje? Rejista ya bweni inayowekwa pia nje ya bweni, mahali pa kukutanika ambapo kila mwanafunzi anapajua, mwalimu mmoja mwenye daftari. Ni hayo tu, na yanatibu uvumi kuliko taarifa yoyote ya serikali.

Milango ifunguke kwenda nje. Madirisha ya bweni yasiwe na vyuma. Mwongozo wa usalama shuleni wa Wizara ya Elimu umesema hivyo tangu 2008. Sitapoteza maneno hapo, kila mtu aliyelala bweni la Kenya anajua ukweli ulivyo.

Mazoezi ya usalama nayo yafanywe, lakini kwa kutangazwa. Baada ya Strathmore sidhani tunahitaji kuelezwa zaidi. Waambie watu: Alhamisi saa nne tutapiga kengele, tutatoka hivi, tutasimama pale. Mwili ukishajua njia, siku ya balaa hauhitaji kufikiri. Kuna walimu wanaosema ukitangaza watu hawatalichukulia kwa uzito. Mimi naona bora wacheke wakitembea kuliko walie wakiruka.

Halafu kuna wazazi. Hapa kwetu, wanafunzi wa sekondari za bweni hawaruhusiwi simu. Fikiria maana yake. Uvumi ukitokea kwamba kuna bomu shuleni, watoto walio ndani wanaweza kuwa wanakula githeri bila habari, huku nje wazazi mia nne tayari wako kwa boda, wakiziba ile barabara moja ambayo gari la wagonjwa lingepitia. Kwa hivyo shule inayotaka kujilinda inakubaliana na wazazi mapema: habari za dharura zitatoka namba hii moja, na ujumbe wa kwanza utatumwa haraka hata kama ni mfupi. "Tumepata taarifa. Watoto wako salama sasa hivi. Polisi wanakagua. Msije getini, tutawaandikia tena baada ya nusu saa." Kisha nusu saa ikifika, waandike kweli. Shule nyingi hunyamaza zikidhani zinalinda jina lao. Kumbe zinamwachia mjomba wa Nakuru kazi ya kutangaza habari.

Nawe je? Wewe si mwalimu mkuu wala OCS.

Ukisikia jambo limetokea shuleni mwenu, toka kwanza au jifiche kwanza. Usisimame kupiga video. Ukishafika salama ndipo uambie mtu mmoja wa nyumbani, na umwambie ulichokiona, si ulichokisikia. Hizo ni habari mbili tofauti. "Nimeona moshi kwa maabara" ni habari. "Wanasema kuna bomu" ni kelele. Ukipokea ujumbe kuhusu shule isiyo yako, na huna mtu huko, huo ujumbe haukuhitaji. Uache ufie kwa simu yako. Najua kidole kinawasha, hata changu kinawasha.

Na ukijua ni nani amepanga mchezo wa aina hii, sema. Hapa ndipo vijana tunakwama, kwa sababu hakuna anayetaka kuitwa snichi. Wapigaji hawa mara nyingi hujisifu kabla na baada, kwenye magrupu ya gemu na ya darasa. Sifa ndiyo mshahara wao. Mara nyingi kuna mtu aliyesoma, akacheka, akaendelea na maisha. Mwaka 2016 zaidi ya shule 100 nchini ziliteketezwa, nyingi muhula wa pili, na uliza yeyote aliyekuwa shuleni wakati huo kama kweli hakuna aliyejua usiku ule kutafanyika nini. Mwanafunzi aliyechoka na shule zamani alihitaji petroli na kiberiti. Leo anahitaji simu ya mtu na dakika mbili. Ukiweza kumwongelesha beshte yako kabla hajapiga, umemwokoa pia yeye.

Kwa sababu sheria ipo. Kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayempa afisa wa umma habari anayojua ni ya uongo, ili afisa huyo atumie mamlaka yake kwa njia ambayo hangeitumia kama angejua ukweli, anaweza kufungwa hadi miaka mitatu. Laini yako imesajiliwa kwa kitambulisho. Na ukitumia laini ya mamako, atakayeitwa kituoni kwanza ni mamako.

Lakini tafadhali usitoke hapa ukiwa umeogopa kupiga simu. Hilo lingekuwa baya kuliko yote. 999, 112 na 911 ni za polisi, 1199 ni ya Msalaba Mwekundu, 116 ni ya watoto walio taabani, na zipo ili zipigwe. Ukiona moshi, piga. Ukisikia mlio usioujua, piga, useme "sijui ni nini, lakini nimesikia." Ukipatikana umekosea, hakuna kosa ulilofanya; uongo ni kusema unachojua si kweli. Yule mvulana wa kwaya alikuwa sahihi usiku ule, na deputi alimwita ofisini asubuhi kumuuliza kwa nini alipiga kelele badala ya kumwamsha prifekti. Sijawahi kusahau uso wake akitoka pale. Shule inayomuadhibu mtoto aliyeonya inajitengenezea ukimya, na ukimya hauna namba ya kupiga.

Binamu yangu anaendelea na masomo. Anasema chuo kiliwapa wanafunzi washauri wa kuongea nao, na akaenda mara mbili. Siku hizi akiingia ukumbini anakaa kiti cha pembeni karibu na mlango, hata kama hapo haoni ubao vizuri. Wenzake wengi pia. Anasema viti vya katikati ndivyo vinavyobaki wazi, zamani ilikuwa kinyume.

Kule kwa grupu ya familia tulifanya mkutano, ule wa sauti za dakika tano tano. Tukakubaliana kwamba kukiwa na jambo, yeye atamwandikia mamake peke yake, neno moja, "salama" au "bado," na Anti ndiye atakayetuandikia sisi. Mpaka aandike, hakuna wa kumpigia msichana simu. Mjomba wa Nakuru alipinga kidogo, akasema yeye alikuwa anajulisha watu tu, lakini akakubali.

Anti alienda hatua moja zaidi. Alitafuta kwenye tovuti ya chuo namba ya polisi wa pale, akaipiga mchana wa kwao kuhakikisha inashikwa, akaongea na afisa fulani kwa Kiingereza chake cha heshima akimweleza kwamba hana shida yoyote, alitaka tu kujua kama wapo. Ameihifadhi kwenye simu kwa jina "Polisi wa Msichana." Iko ya kwanza kabisa, juu ya namba ya baba watoto.